Nati Tano Si Sita

Leo nataka tuinamie gurudumu la pikapu, kwa sababu pale kuna jambo tunalolipuuza kila siku, na jambo hilo linaweza kuua.

Pita alfajiri kwenye soko lolote kubwa, iwe Mabibo jijini Dar es Salaam au soko la mahindi la Kibaigwa, utazikuta pikapu zimepangana zinasubiri kushusha. Mzigo usiutazame. Inama utazame katikati ya gurudumu la nyuma, uhesabu nati. Hilux nyingi tulizonazo huku zina nati sita kila gurudumu. Utaiona yenye tano, na jirani yake ina nne. Mwulize dereva, atakujibu kwa utulivu: "Ile moja ilikatika njiani, mzee, lakini hizi zinatosha." Anasema anachokiamini. Gari limefika, magunia ya lumbesa yako juu, tairi ziko mahali pake. Kwa nini asiamini?

Mimi nampinga, na sababu yangu iko ndani ya chuma chenyewe.

Studi ni kile chuma chenye thredi kinachochomoza kwenye habu, yaani kile kitovu gurudumu linapofungwa, ndicho kinachopokea nati. Wengi wetu tunadhani studi ndizo zinazobeba uzito wa gari, kwamba rimu imekalia juu yake. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Unapokaza nati, studi inavutika. Inarefuka kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kwa kuwa chuma chake kinataka kurudi kilipokuwa, kinaibana rimu kwenye uso wa habu. Fikiria ule mpira wa tyubu tunaofungia mzigo kwenye keria ya baiskeli: usipouvuta hauna kazi, ukiuvuta sawasawa gunia halichezi hata kwenye mashimo, na ukiuvuta kupita kiasi unalegea kabisa, haurudi tena. Studi ya milimita 12 iliyokazwa inavyotakiwa hubana kwa nguvu ya tani 4 hivi. Studi sita zikifanya kazi pamoja, mbano unapita tani 20. Mbano huo ndio unaobeba gari. Rimu na habu zinagandamizana zinakuwa kitu kimoja, na studi inabaki imevutika tu, haipindwi wala haipigwi.

Sasa mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza. Mchezo wenyewe ni wa sehemu ndogo ya milimita, hata usukani haukuambii. Lakini kila gurudumu linapozunguka, studi zinapindwa kidogo na kurudi. Tairi la pikapu huzunguka zaidi ya mara 400 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, hiyo ni zaidi ya mara 75,000. Chuma kinachopindwa hivyo kinachoka. Ufa unaanzia kwenye bonde la thredi, unatambaa taratibu kwa siku nyingi, kisha siku moja sehemu iliyobaki nzima inashindwa, studi inakatika.

Ukitaka ushahidi, itazame ile studi iliyokatika kabla hujaitupa. Pale ilipokatikia utaona sura mbili. Upande mmoja ni laini, mara nyingi umeshaingia kutu au weusi. Huo ni ufa wa zamani, uliokuwa ukitembea nawe barabarani bila wewe kujua. Upande wa pili una punje punje zinazong'aa: hapo ndipo ilipokatikia siku ile. Na kama upande laini ni mkubwa, elewa kwamba studi ile ilikuwa imekatika nusu yake muda mrefu, ukiwa umempakia mama na watoto.

Ndiyo maana nasema moja ikikatika kwa namna hiyo, zile tano haziko salama. Zimepindwa pamoja na mwenzao, kwenye gurudumu lilelile, kwa kilomita zilezile. Na sasa zimeongezewa mgawo wake, hasa zile mbili zilizo jirani. Dereva anapohesabu tano zilizobaki, hana macho ya kuziona nyufa zilizomo ndani. Ushauri wangu ni kubadilisha zote sita za gurudumu hilo, pamoja na nati zake. Sita hizo kwa pamoja hazifiki bei ya tairi moja.

Kabla hatujashika spana, tujiulize kwa nini zinakatika, maana ukibadilisha studi ukaacha chanzo, utarudi hapohapo.

Chanzo cha kwanza ni bomba. Unalijua, lile bomba la mita moja linalochomekwa kwenye mkono wa spana ya tairi, kisha kijana anapanda juu yake na kurukaruka ili nati isije ikalegea. Tupige hesabu. Kitabu cha Hilux ya kawaida yenye studi za milimita 12 hutaja ukazaji wa nyutonimita, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza, 105 au zaidi kidogo. Kijana wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja, bila hata kuruka, anakaza kwa nyutonimita karibu 690. Ni zaidi ya mara sita. Studi imeshavutwa kupita mahali pa kurudi. Kesho inaonekana nzima, nati imekaa imara, kumbe mbano wake umeshaharibika. Mashine ya upepo nayo, ikishikwa na mtu anayeiachia mpaka ilie, inafanya kosa hilohilo kwa sekunde chache. Simsemi vibaya fundi wa pancha. Yule anafanya kazi juani, na mteja ndiye anayemwambia, "Kaza sana, naenda mbali." Sisi wateja tuliwafundisha mafundi kwamba kukaza sana ndiyo heshima ya kazi.

Chanzo cha pili ni nati isiyo ya studi hiyo. Hili linaumiza zaidi kwa sababu linafichika. Pikapu za Toyota na za Nissan zinazozunguka huku kwa wingi zina studi za unene uleule wa milimita 12. Lakini thredi za Toyota zimeachana kwa milimita 1.5, za Nissan kwa milimita 1.25. Ukichukua nati ya Nissan ukaiweka kwenye studi ya Toyota, itaingia kwa mkono mzunguko mmoja, au mmoja na kitu, kisha itagoma. Mtu mwenye haraka atadhani ni kutu. Ataiwekea mashine ya upepo, nati itaingia mpaka mwisho huku ikizila thredi za studi. Gurudumu linaonekana limefungwa, kumbe hakuna kitu pale. Kanuni yangu haina msamaha: nati yoyote ya gurudumu iingie kwa vidole mpaka iguse rimu. Ikikataa vidole, itoe utazame.

Kuna pia umbo la kikalio cha nati, pale inapogusa rimu. Rimu za chuma hutaka nati yenye ncha ya mviringo inayochongoka, ili ijikalishe kwenye tundu. Rimu nyingi za aloi zilizokuja na magari ya Toyota hutaka nati yenye washa bapa na shingo inayoingia ndani ya tundu. Watu wananunua rimu nzuri za mtumba, wanaziwekea nati zilezile za zamani. Nati iliyochongoka kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu, na ukingo huo unasagika, na mbano unakwisha.

Rangi nayo. Umepaka rimu zako rangi nene, zimependeza, hata pale zinapogusana na habu umepaka. Rangi hiyo itasagika ukishaanza safari, na unene wake ndio ulegevu wako. Kutu na tope lililokauka vilevile.

Sasa kazi yenyewe. Nawasikia wanaosema hii ni kazi ya gereji. Baadhi yake ni kweli, nitawaambia wapi. Lakini kwa pikapu nyingi za kisasa, mtu mwenye sakafu tambarare, vifaa vichache na asubuhi tulivu anaweza kuifanya uani kwake, na kwa maoni yangu ataifanya vizuri kuliko gereji bubu yenye foleni, kwa sababu hakuna anayemharakisha.

Anza kwa kununua sawa. Nenda dukani na studi ya zamani mkononi, tena ile nzima (namna ya kuitoa nitaieleza hapa chini), usiende na picha kwenye simu. Mwombe muuzaji vernia. Pima urefu, pima thredi, na zaidi ya vyote pima yale meno madogo yaliyo chini ya kichwa, maana meno hayo ndiyo yanayoishika habu. Yakipungua nusu milimita tu, studi itazunguka ndani ya tundu lake, na hapo utakuwa na nati ambayo haifunguki wala haikazi. Tazama kichwani kama kuna alama ya ugumu. Studi nyingi za magurudumu ni za daraja la 10.9, chuma kigumu kuliko bolti ya kawaida ya dukani. Ukishauriwa uweke bolti ya dirisha iliyokatwa kichwa na kuchomelewa kwenye habu, kataa. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa studi, na unaweza kuipasua habu yenyewe.

Gari likiwa chini, legeza nati kidogo kabla ya kupandisha jeki. Weka mawe au magogo kwenye tairi za upande wa pili. Pandisha, kisha weka stendi ya chuma chini ya ekseli au chesisi. Tofali usiliamini, linapasuka ghafla bila kuonya, na chini yake utakuwa wewe.

Mbele, ukishatoa gurudumu, fungua bolti mbili zinazoshika kalipa ya breki, uitoe na kuitundika kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Chomoa diski. Hapa ndipo unapojua kama kazi ni ya nyumbani. Kama diski imetoka na studi zimebaki kwenye habu zinakutazama, endelea. Kama diski imekaa nyuma ya habu na haitoki, kama kwenye Hilux za zamani za 4x4, basi habu yote lazima ishuke, pamoja na beringi zake na grisi yake. Kama hujawahi kurudisha beringi na kuipima mkazo wake, huo ndio mpaka. Mwite fundi unayemwamini, ukae naye.

Nyuma kwenye dramu, achia breki ya mkono kwanza, maana bila hivyo utavuta dramu mpaka jua lizame. Dramu ikigoma, tazama usoni pake. Za Toyota zina matundu mawili madogo yenye thredi. Ingiza bolti mbili za milimita 8, uzikaze kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, na dramu itasukumwa nje yenyewe bila nyundo.

Zungusha habu mpaka studi unayotaka kuitoa ielekee mahali penye nafasi kwa nyuma, ili kichwa chake kipate pa kutokea. Wengi hupiga nyundo hapa. Nyundo inaitoa studi, lakini kila pigo linapita kwenye beringi, na beringi ikipata vijishimo itaanza kuunguruma baada ya wiki kadhaa, nawe hutakumbuka ilikotokea. Kama una pula ya boljointi au klampu nene ya chuma, isukume studi kwa hiyo. Inapiga kelele moja kali, kisha inatoka.

Ikishatoka, safisha tundu kwa brashi ya waya, na hapa nakuomba utulie. Chukua tochi, tazama kuzunguka tundu lile na kuelekea katikati ya habu. Unatafuta ufa.

Nakwambia hivi kwa sababu ya kisa cha Yokohama, kule Japani. Januari 2002 gurudumu la mbele la lori la Mitsubishi lilichomoka barabarani, likabingirika mpaka pembezoni alikokuwa akitembea mama wa miaka 29 na watoto wake wawili. Mama alifariki, watoto wakajeruhiwa. Kampuni ilisema mwanzoni kwamba wenye malori hawatunzi magari yao. Mwaka 2004 ilikiri kwamba habu zake zilikuwa na kasoro tangu kiwandani, na malori yakaitwa yarudishwe. Pale nati hazikuwa na lawama, habu ndiyo iliyopasuka. Lakini mtazame aliyelipa. Dereva alibaki mzima ndani ya kabini yake. Gurudumu likitoka, linamfuata mwenda kwa miguu, muuza mahindi ya kuchoma, mtoto wa shule anayesubiri kuvuka. Kwa hiyo tochi yako pale uani unaiwasha kwa ajili ya mtu usiyemjua. Ukiona ufa, hata mwembamba, habu hiyo haifai tena.

Studi mpya inaingia kwa nyuma. Igeuze kwa vidole mpaka meno yake yakutane na mifereji ya tundu, kama mifereji bado ipo. Sasa panga washa nene kadhaa mbele, pakaza grisi kati yake ili ziteleze, kisha weka nati ya zamani ukiwa umeigeuza, upande bapa ukielekea washa. Kaza kwa spana ya mkono, taratibu. Studi itavutwa ndani ya tundu lake. Utasikia ugumu uleule unaendelea, unaendelea, kisha ghafla spana inakuwa nzito kabisa. Kichwa kimekaa. Usiongeze. Pitisha mkono nyuma, ujaribu kuingiza karatasi kati ya kichwa na habu. Ikipita, haijakaa.

Kuna wanaoruka hatua hii. Wanaichomeka studi, wanarudisha rimu, wanaiacha nati mpya iivute studi wakati wa kufunga gurudumu. Inaonekana ni akili ya kuokoa muda. Ila studi haifiki mwisho wake siku hiyo. Itamalizia kuingia barabarani, na ikiingia nusu milimita tu, mbano wote umekwenda.

Futa grisi yote iliyogusa thredi. Watengenezaji wengi wanataka thredi kavu, kwa sababu kipimo cha kukaza kimehesabiwa hivyo. Ukipaka mafuta, nati inateleza, na kwa nguvu ileile ya mkono studi inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Pitisha brashi ya waya kwenye uso wa habu na mgongo wa rimu mpaka chuma kionekane.

Rudisha diski, rudisha kalipa, rudisha gurudumu. Nati kwa vidole. Kisha kwa spana kidogo, kwa kuruka: ukitoka hii, nenda inayoikabili, ili rimu ikae sawa. Shusha gari, ndipo ukaze mwisho, kwa mpangilio uleule, katika awamu mbili au tatu.

Spana ya kipimo ni ghali, na wengi hatuna. Lakini wafanyabiashara wa mazao wana kile nisichokiona gereji: mizani ya ndoano. Chukua spana yenye mkono ulionyooka, pima sentimita 30 kutoka katikati ya nati, uweke alama. Funga ndoano ya mizani pale, vuta kwa pembe mraba na spana, bila kuinamisha. Mizani ikisoma kilo 36, umekaza nyutonimita 105 na kitu. Kitabu cha gari lako kikitaja namba nyingine, igawanye kwa 9.8, kisha ugawanye kwa urefu wa mkono huo kwa mita, utapata kilo zako. Jaribu mara moja tu. Utashangaa jinsi ukazaji sahihi ulivyo mdogo, ukiulinganisha na ule wa kupanda juu ya bomba.

Wenye Canter na Fuso za mtindo wa zamani wa Kijapani, kumbukeni magurudumu ya upande wa kushoto yana thredi za kugeuka kinyume. Kuna vijana wamezikata studi nzima wakidhani wanafungua.

Kabla hujawasha gari, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana ulipoitoa kalipa pistoni zinaweza kuwa zimerudi. Tembeza gari polepole mtaani kwako. Ukishafika kilomita 80 au 100, simama mahali salama, rudisha mizani yako, kaza tena kwa kipimo kilekile. Studi mpya na nati mpya hujikalisha kidogo mwanzoni. Wiki zinazofuata, kila ukijaza upepo, zitazame nati. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati na kuelekea nje ya rimu inakuambia kuna kinachocheza. Tundu la rimu lililoacha kuwa duara linakuambia kilicheza muda mrefu, na rimu hiyo usiifunge tena.

Na zile studi za zamani, hata zinazoonekana nzima, zigonge thredi kwa nyundo mpaka ziharibike, ndipo umpe mnunua vyuma chakavu. Ukiziacha kwenye boksi la vifaa nyuma ya kiti, ipo siku utakwama usiku, mwenzako atazikuta, atasema hii bado nzuri, na itarudi kwenye habu.